Namna ya Kumsikiliza Kila Mtoto Akisoma Katika Darasa la Wanafunzi Tisini

Katika shule nyingi za msingi za pembezoni mwa Dar es Salaam, kama vile Mbagala, Chanika na Gongo la Mboto, mwalimu wa darasa la kwanza hukabidhiwa watoto wengi kuliko kiwango cha wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, hali iliyozidi baada ya elimu bila malipo kuanza mwaka 2016. Kipindi kina dakika 30. Watoto wakiwa 90, kila mmoja anapata sekunde 20, na ndiyo maana darasa zima huitikia kwa pamoja "ba, be, bi, bo, bu", huku sauti ya wengi ikimficha asiyejua, ambaye aweza kufika darasa la tatu akifuatisha midomo ya wenzake.

Kwa hiyo anza kwa kusikiliza. Gawa majina ya daftari la mahudhurio katika mafungu ya watoto tisa, na kila siku ya shule liite fungu moja mezani, mtoto mmoja mmoja, wakati wengine wanaandika. Kwa wiki mbili utakuwa umewapitia wote. Usimpe mtoto ukurasa alioukariri. Mwandikie silabi zisizofuata mpangilio, "mu, ta, le, so", kisha neno lisilo na maana, kama "tamule": anayezijua herufi atalisoma, anayekariri atakutazama usoni. Andika pembeni ya jina lake alipokwama, iwe ni kwenye herufi, silabi, maneno au sentensi. Wengi wanaomudu silabi za konsonanti moja hukwama tena kwenye "ng'", "ny", "ndw" na "mbw", nazo zahitaji siku zake.

Asiyeweza asichekwe wala asichapwe, kwa maana mtoto aliyeaibishwa atajificha tena katika sauti ya darasa, na safari hii atajificha vizuri zaidi.

Panga vikundi kwa upungufu unaofanana, si kwa madawati. Vizibo vya chupa vilivyoandikwa herufi vyatosha kikundi kuunda maneno chini ya uongozi wa mwanafunzi anayesoma vizuri. Wanaokaa nyuma wahamie mbele kila Jumatatu.

Mwalimu mkuu naye asimwondoe mwalimu hodari wa kufundisha kusoma katika darasa la kwanza ili ampeleke darasa la saba kwa ajili ya mtihani; huyo ndiye wa kulindwa kwanza ratiba inapopangwa, hasa shule inapoendeshwa kwa zamu mbili.