Jinsi ya kusoma kuta za Fort Jesus, Mombasa, kama kambi ya askari

Anza langoni, si kwenye mizinga. Beba utepe wa kupimia, daftari na penseli za rangi tatu. Ngome yote yataka nusu siku. Ukiwa na saa moja tu, maliza lango na ukuta wa baharini.

Juu ya lango pana jiwe la maandishi ya Kireno. Lipige picha jua linapolipiga kwa ubavu, kivuli kiingie ndani ya herufi. Jua likilikabili usoni, herufi hupotea. Jiwe lataja mwaka 1635 na kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, umri miaka 27, aliyeijenga upya ngome na kuongeza chumba cha walinzi. Hapa ndipo wengi huteleza: hudhani huo ndio mwaka wa ujenzi. Wareno walianza kuijenga ngome 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Ukarabati wa 1635 ulitokana na Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa, aliyewanyang'anya Wareno ngome 1631 kisha akaihama mwaka uliofuata.

Zunguka upande wa bahari, maji yakiwa yametoka. Sehemu ya chini si ukuta. Ni mwamba wa matumbawe wenyewe uliochongwa. Tafuta mahali viungo vya chokaa vinapoanza: chini yake hakuna kiungo hata kimoja, juu yake mawe yamepangwa. Chora mstari huo kwanza, maana vipimo vyote vya urefu hutegemea ulipoanzia.

Sasa lipu. Chokaa ya kuchomwa ni nyeupe yenye kufifia na ina punje; saruji ni ya kijivu na ngumu. Usikwangue kwa kucha wala kisu, macho yatosha. Saruji juu ya matumbawe hufungia unyevu na chumvi ndani, jiwe likageuka unga na lipu ikavimba. Kwa hiyo palipochakaa zaidi si lazima pawe pa kale zaidi; mara nyingi ni kiraka cha juzi.

Ndani, panda hadi buruji (ngome ya pembeni) la São Felipe, ilipo Nyumba ya Waomani. Waomani waliizingira ngome kuanzia Machi 1696, wakaingia Desemba 1698. Kuanzia 1837 askari wa Sultani wa Zanzibar walilala ngomeni humu, na 1895 Waingereza wakaigeuza ngome gereza.

Uwanja mtupu wa katikati ndio unaodanganya kuliko vyote. Gereza lilipofungwa 1958 majengo mengi yake yaliondolewa, mwanaakiolojia James Kirkman akafukua misingi ya zamani. Pima kuta hizo fupi chumba kwa chumba. Tumia penseli moja kwa Wareno, ya pili kwa Waomani na askari wa Sultani, ya tatu kwa gereza na ukarabati wa baadaye. Kiungo usichokiona waziwazi, kiachie alama ya kuuliza.