Risasi Inapokwama Kuingia Chemba: Kutafuta Chanzo cha Hitilafu katika Bastola Hatua kwa Hatua

Wenye bastola zinazojipakia zenyewe wengi, risasi zikianza kukwama, hukimbilia kununua springi au kupaka mafuta zaidi, na wachache huthubutu hata kushika tupa. Mimi kama fundi huomba kwanza nioneshwe ile risasi iliyokwama. Alama zilizo juu yake huonesha mahali ilipogonga na upande iliokuwa imeinamia. Kwa hiyo usiitupe, na wala usiirudishe kwenye magazini, yaani kasha la risasi linaloingia kwenye bastola, pamoja na nzima.

Hatua ya kwanza: kuhakikisha silaha ni tupu

Elekeza mtutu upande ulio salama, kidole kikiwa nje ya kifyatulio. Toa magazini, kisha vuta nyuma slaidi, yaani ile sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele, mara kadhaa, uifungie nyuma, uitazame chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa ikifyatuliwa, kwa macho na kuigusa kwa kidole. Mpangilio huu haupinduliwi, kwa kuwa anayevuta slaidi magazini ikiwa ndani hutoa risasi moja na kuingiza nyingine. Pale tu risasi mbili zinapobanana, slaidi hufungiwa nyuma kwanza ili magazini ipate kutoka.

Tofautisha pia kukwama na mambo mawili ya hatari zaidi. Ukivuta kifyatulio na risasi isilipuke, shikilia bastola ikiwa imeelekea shabaha kwa sekunde 30 au zaidi kabla ya kufungua, kwa sababu baruti yaweza kuchelewa kuwaka. Ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, acha kabisa kufyatua, toa risasi zote, ukague mtutu, kwani huenda kichwa cha risasi, yaani ile ncha inayoruka kwenda shabaha, kimebaki ndani, na risasi inayofuata inaweza kuupasua.

Baada ya hapo risasi zote za kweli ziondolewe katika chumba cha kazi. Majaribio ya mezani hufanywa kwa risasi za mazoezi, zisizo na baruti wala fataki, yaani kile kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti.

Hatua ya pili: kusoma alama za risasi

Chukua risasi iliyokwama na nyingine mpya kutoka boksi lilelile, uziweke sambamba chini ya mwanga mzuri. Michirizi miwili myembamba inayokwenda kwa urefu wa ganda, yaani mwili wa risasi unaobeba baruti, ni ya kawaida, nayo hutokana na midomo ya magazini, zile kingo za juu zinazozuia risasi isitoke. Mbonyeo wa chini kwenye ncha ya kichwa maana yake risasi iliinama ikagonga chini ya mteremko unaoipandisha kuelekea chemba. Hapo shuku kwanza springi ya magazini iliyochoka. Mkwaruzo wa juu ya kichwa huonesha kuwa risasi ilinyanyuka mno ikagonga ukingo wa juu wa chemba, na mara nyingi midomo ya magazini imepanuka, ikaiachia mapema. Ukikuta kitako cha ganda kimechubuliwa shaba pembeni, chunguza kulabu ya kuvutia ganda, ambayo huenda inabana kupita kiasi au ina ukingo mkali.

Watu hupotezwa na mdomo wa ganda lililokwisha kufyatuliwa unapokuwa umebonyea. Mara nyingi mbonyeo huo hutokea ganda linaporuka nje na kugonga slaidi, wala hauhusiani na kuingia kwa risasi. Lakini ganda lililovimba karibu na kitako ni jambo zito: linaweza kuashiria mgandamizo uliozidi, au kwamba risasi ililipuka kabla slaidi haijafunga sawasawa. Ukiliona, usiendelee kufyatua mpaka fundi aikague silaha.

Jambo ninalolihofia kuliko yote ni risasi iliyofupika. Kila risasi inapogonga mteremko, kichwa chake hupata kishindo cha kukisukuma ndani ya ganda, na anayepakia na kupakua risasi ileile kila siku hukirudia kishindo hicho bila kufikiri. Kichwa kikizama, nafasi ya baruti hupungua na mgandamizo wa mlipuko hupanda, pengine kupita uwezo wa chemba. Risasi ya milimita 9 kwa 19 ina urefu wa jumla usiozidi milimita 29.69, ila viwanda vingi hutengeneza fupi kidogo, na kwa hiyo kipimo cha kuaminika ni risasi mpya ya boksi hilohilo. Pima zote mbili kwa kalipa, kifaa cha kupimia urefu kwa usahihi. Iliyofupika kwa kiasi kinachoonekana isifyatuliwe, hata kama inaingia chemba vizuri. Risasi ya aina ya .40 S&W, ambayo hufanya kazi kwa mgandamizo mkubwa, inahitaji uangalifu wa pekee katika jambo hili.

Hatua ya tatu: kuichunguza magazini

Magazini ndiyo chanzo cha matatizo haya mara nyingi kuliko bastola yenyewe, na bado huachwa mwisho. Zipe magazini zako namba kwa kalamu isiyofutika, kisha uandike ni namba ipi ilikuwemo kila hitilafu ilipotokea. Hitilafu ikifuata namba moja, kazi imekwisha nusu.

Angalia pia inatokea risasi ya ngapi. Ikikwama risasi ya kwanza ya magazini iliyojaa, huenda springi imegandamizwa mno, hasa ikiwa mpya; jaribu kupunguza risasi moja. Ikikwama ya mwisho au zile za karibu na mwisho, springi imelegea na haiinui risasi kwa wakati. Ikikwama yoyote, katika magazini zote, chanzo kiko kwenye silaha, kwenye aina ya risasi, au mkononi mwa mpigaji.

Fungua kitako cha magazini kwa uangalifu, kwa sababu springi huruka. Futa ndani kwa kitambaa kikavu. Mafuta humo hukusanya vumbi na yanaweza kupenya hadi kwenye fataki. Kibao kinachosukuma risasi kinapaswa kupanda na kushuka bila kusita. Midomo iliyopinda au yenye ufa isinyooshwe kwa koleo. Magazini mpya ni salama zaidi.

Hatua ya nne: bastola yenyewe

Safisha mteremko na chemba, upake mafuta kidogo kwenye reli ambazo slaidi hutelezea, kama kitabu cha mtengenezaji kinavyoelekeza. Bastola ikiwa imefunguliwa na mtutu uko peke yake mkononi, dondosha risasi ya aina unayotumia ndani ya chemba: izame kwa uzito wake, kisha itoke ukigeuza mtutu. Risasi nyingi za bastola hukaa chemba kwa kuegemea ukingo wa mdomo wa ganda, hivyo ganda refu mno, au lililobanwa vibaya mdomoni, huifanya slaidi isifunge.

Springi ya slaidi iliyochoka haiisukumi slaidi kwa nguvu ya kutosha. Iliyo ngumu mno huizuia kurudi nyuma kikamilifu, ikashindwa kuchukua risasi inayofuata. Ibadilishe kwa ile iliyopendekezwa na mtengenezaji, si kwa kubahatisha. Wakati wa kupakia, vuta slaidi hadi mwisho kisha uiachie. Ukiisindikiza kwa mkono unaipunguzia kasi. Usiweke risasi moja kwa moja chembani na kuibamizia slaidi, kwa kuwa katika bastola nyingi kulabu hulazimika kuruka juu ya ukingo wa kitako, na huvunjika mapema.

Mteremko usiguswe kwa tupa wala msasa. Pembe yake ikibadilika, au chuma kikiliwa karibu na chemba, ganda hukosa tegemeo chini na linaweza kupasuka. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni.

Hatua ya tano: jaribio uwanjani

Fanya jaribio kwenye uwanja wa shabaha tu, ukibadilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Anza na risasi za kichwa cha mviringo. Hizo zikipita na zile za kichwa chenye tundu zikakwama, tatizo ni umbo la risasi. Kisha mpe bastola mpigaji mwenye uzoefu. Kwake ikifanya kazi bila kukwama, imarisha kifundo cha mkono wako, kwa sababu mkono uliolegea huinyima slaidi kitu cha kuegemea inaporudi nyuma.

Risasi zote zilizobonyea, kufupika au kuchubuka zitenge katika chombo chenye maandishi ya wazi, uzikabidhi kwa uwanja, muuzaji aliyeidhinishwa au polisi. Usizifungue, usizigonge, usizitupe motoni wala kwenye taka.