Nyumba ya Kwanza ya Kupangisha: Piga Hesabu Kabla ya Kuipenda

Wengi wanaoanza huridhika na hesabu moja: pango likizidi rejesho la mkopo, basi nyumba inalipa. Hapo ndipo wanapoangukia.

Chukua nyumba ya 100,000, fedha yoyote ile, inayopangishwa kwa 1,000 kwa mwezi. Una 30,000 zako, na 70,000 unakopa kwa riba ya asilimia 8 kwa miaka 20. Rejesho ni kama 585 kwa mwezi, kwa hiyo unaona 415 zikibaki. Sasa hesabu mwaka mzima. Pango ni 12,000. Toa mwezi mmoja ambao nyumba itakaa tupu, zinabaki 11,000. Toa matengenezo 1,200, bima na kodi ya jengo 1,300, ada ya msimamizi 1,100, na akiba ya 1,000 kwa mambo mazito kama paa au mabomba. Mapato halisi ni 6,400, ilhali marejesho ya mwaka yanapita 7,000. Kila mwaka utachomoa zaidi ya 600 mfukoni ili nyumba isimame.

Nyumba hiyohiyo ikikopewa 50,000, marejesho yanashuka hadi kama 5,020 kwa mwaka, na unabaki na 1,380. Kipimo chake: gawanya mapato halisi kwa marejesho, jibu lisipungue 1.25. Likipungua, ongeza mtaji wako, shusha bei, au achana nayo. Kama riba ya mkopo hubadilika, rudia hesabu riba ikiwa imepanda kwa pointi 2, yaani asilimia 10 badala ya 8. Na hata kama utasimamia mwenyewe, ada ya msimamizi usiifute kwenye karatasi. Ukiugua au ukihama utamhitaji.

Kiasi cha pango usikichukue kwenye tangazo wala mdomoni mwa dalali, kwani hicho ni kile anachotamani mwenye nyumba. Waulize wapangaji wa nyumba zinazofanana nayo wanalipa kiasi gani hasa.

Ukiridhika na hesabu, nenda kaikague, ikiwezekana mvua ikiwa imetoka kunyesha. Tazama dari kwanza: kiraka cha rangi mpya mahali pamoja tu mara nyingi kinaficha doa la paa linalovuja. Fungua bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja, kisha vuta maji chooni. Yakikata au yakipanda polepole kwenye mtaro wa bafu, kuna kazi ya fundi bomba. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta ni wa kawaida. Ufa unaozidi milimita 5, hasa unaokwenda mshazari kutoka kona ya dirisha au kupanda ngazi kwa ngazi kwenye matofali, unaweza kuwa dalili kwamba msingi unatitia. Huo mwite mhandisi wa majengo aupime kabla hujataja bei. Nyaya za umeme pia mwachie fundi mwenye leseni.

Hati ichunguzwe kwenye ofisi ya usajili wa ardhi kabla hujatoa hata arubuni. Nakala anayokuonyesha muuzaji haitoshi, maana haitakwambia kama nyumba imewekwa rehani juzi au kuna zuio la mahakama. Mpimaji naye athibitishe mipaka. Kama kuna mpangaji ndani, soma mkataba wake na ujue amana yake inashikwa na nani. Katika sheria za nchi nyingi, unainunua nyumba pamoja na mkataba huo.

Kabla ya kupangisha, weka kando akiba ya marejesho na gharama za miezi 3 hadi 6, kwenye akaunti ambayo pango nalo litaingia. Mpangaji mchague kwa uthibitisho wa kipato, pango lisizidi theluthi moja ya kipato hicho, na uzungumze na mwenye nyumba aliyempangisha kabla ya huyu wa sasa. Wa sasa huenda akamsifu ili tu aondoke.

Siku ya kukabidhi funguo, piteni pamoja chumba kwa chumba. Andikeni hali ya kila kitu, pigeni picha zenye tarehe, someni mita za maji na umeme, kisha wote wawili mtie saini. Bila karatasi hiyo, kukata amana kwa ajili ya kioo kilichovunjika ni ugomvi usio na ushahidi.