Kabla hujaingiza trekta kwenye manyasi ya majimaji

Malisho ya kudumu kaskazini mwa Uingereza, hasa milima ya Pennines, hayakosi manyasi ya majimaji, Juncus effusus. Wenye mifugo huyaona uchafu. Hata hivyo usiyafyeke yote: sululu, yule ndege wa mdomo mrefu uliopinda, hufichia makinda humo. Ndege wa kishungi, Vanellus vanellus, hutaka nyasi fupi ili amwone adui mapema. Shamba zuri lina vyote viwili.

Tembea shamba zima kwanza. Kama manyasi yako mafungu mafungu na hayajafika theluthi ya eneo, pengine huna kazi ya kufanya. Yakizidi, kata sehemu mwaka huu, nyingine mwakani. Kama unapokea ruzuku, soma mkataba wako. Noa visu.

Halafu tarehe. Hapa ndipo watu wanapoumia. Jirani mmoja alipata wiki kavu mwezi Julai, akamwita mwenye trekta haraka kabla mvua haijarudi. Sululu wazima walizunguka juu ya trekta wakipiga kelele. Dereva akaendelea tu. Makinda ya ndege hawa hayakimbii hatari, hujibana chini na kutulia, kwa hiyo kisu kiliyakuta palepale. Baadaye tuliyakuta kwenye mistari ya manyasi yaliyokatwa. Hesabu ni rahisi: mayai huatamiwa takriban wiki nne, kinda huchukua wiki kama tano kuweza kuruka, na kiota kikiliwa na mbweha, ndege mama huweza kutaga tena. Julai bado kuna wasioruka. Subiri Agosti. Kuharibu kwa makusudi kiota kinachotumika ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981.

Na hasara haikuishia kwa ndege. Manyasi aliyoyakata aliyaacha yamelala, yakafunika majani na kuyaozesha. Vuli alirudi kukata yaliyochipua, ardhi ikiwa imelowa chepechepe, magurudumu yakachimba mifereji. Mbegu za manyasi haya hukaa udongoni miongo kadhaa zikingoja tope lililo wazi lenye mwanga. Alizifungulia mlango mwenyewe, na manyasi yakarudi mazito kuliko ya kwanza.

Kwa hiyo, kabla ya mkato wa kwanza, ujue nani atafuatilia. Machipukizi yakatwe tena ndani ya wiki nane hivi, au yaliwe yakiwa laini. Ng'ombe wanafaa kuliko kondoo, ila waondoe kabla hawajavuruga ardhi kwa kwato. Waulizie daktari wa mifugo kuhusu minyoo ya ini, maana konokono wanaoieneza hupenda maeneo hayohayo.

Dawa? Kuwa mwangalifu sana na MCPA, dawa ya kuua magugu, karibu na mito. Huvuja hadi kwenye maji ya kunywa. Ukilazimika, paka mashina marefu kwa kifaa cha kupaka dawa badala ya kunyunyiza ovyo. Usichimbe mitaro mipya, ndege wanahitaji tope la kudonoa.

Siku yenyewe anzia katikati ukielekea pembeni, polepole, ili sungura na wengine wapate pa kutokea. Usiende peke yako kwenye kinamasi usichokijua. Simu mara nyingi haishiki huko. Mwambie mtu uliko, na funga mageti yote nyuma yako.