Kukomaza mayai ya nguruwe maabarani kwa resveratroli

Hatua ya 1. Safirisha ovari kutoka machinjioni katika maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yenye joto la nyuzi 35 hadi 37. Fyonza folikuli (vifuko vya ovari vyenye mayai) zenye kipenyo cha milimita 3 hadi 6, kisha chagua mayai yaliyozungukwa na angalau tabaka tatu za seli za kumulasi (seli zinazolilea yai) zilizoshikamana. Yai lililo tupu, lisilo na seli hizo, usilionee huruma.

Hatua ya 2. Tayarisha midia ya TCM-199, yaani majimaji ya virutubisho ya kukuzia mayai, kama ulivyozoea.

Hatua ya 3. Hapa ndipo nilipopoteza majuma mawili. Resveratroli, ambayo hupatikana katika maganda ya zabibu, hupunguza oksijeni tendaji (molekuli za oksijeni zinazodhuru seli) na kuongeza glutathioni (kinga ya seli dhidi yake) ndani ya yai, lakini haiyeyuki vizuri katika maji. Nilikuwa nikiizimua kwanza kwa maji hadi milimola 1 kwa lita, nikaona vijisindano vyeupe vikielea chini ya darubini, na bado nikajidanganya kwamba ni vumbi. Yeyusha miligramu 2.28 katika mililita 1 ya DMSO, kiyeyushi chake, upate milimola 10 kwa lita, ugawe katika vichupa vidogo vilivyofungwa karatasi ya alumini, kwa kuwa mwanga huibadilisha umbo, na ugandishe. Siku ya kazi, tia mikrolita 1 moja kwa moja katika mililita 5 za midia yenye joto huku ukiitikisa taratibu: utapata mikromola 2 kwa lita, na DMSO itakuwa asilimia 0.02 tu. Usijaribu kupima sehemu ya kumi ya mikrolita kwa kila kisima, hata kama mikropipeti yako ni ya kifahari. Usiongeze dozi ukidhani kwamba nyingi ni bora, maana mikromola 10 huweza kudhuru ukomavu. Kundi la ulinganisho litiwe DMSO kiasi kilekile, na liwepo jingine lisilotiwa chochote.

Hatua ya 4. Weka mayai saa 22 katika midia yenye homoni, kisha saa 22 bila homoni, ukizimua resveratroli upya kwa awamu ya pili. Nyuzi 39, kaboni dayoksaidi asilimia 5.

Hatua ya 5. Ondoa kumulasi kwa kimeng'enya cha hayaluronidezi, uhesabu mayai yaliyotoa kijimwili cha kwanza cha polari, kiseli kidogo kinachoonyesha kwamba yai limekomaa. Kundi la DMSO likishuka chini ya lile lisilotiwa chochote, tupa kichupa hicho cha DMSO urudie hatua ya 3.