Namna ya Kuiga Saketi Kubwa kwa Prosesa Nyingi Ukitumia Xyce

Saketi yenye transista chache haihitaji uchakataji sambamba, kwa sababu muda ambao prosesa hutumia kuwasiliana unaweza kuzidi muda wa hesabu yenyewe. Haja hujitokeza pale saketi inapofikia maelfu mengi ya vifaa na uigaji mmoja, yaani kukokotoa kwa kompyuta jinsi saketi itakavyofanya kazi, ukaanza kuchukua saa au siku. Xyce, programu ya kuiga saketi iliyotengenezwa katika Maabara za Taifa za Sandia nchini Marekani na kuwa programu huria mwaka 2013, ilibuniwa kwa kazi ya namna hiyo, nayo husoma faili zinazofanana sana na zile za SPICE, programu ya zamani zaidi ya kuiga saketi.

Kwanza hakikisha kwamba faili ya saketi ni sahihi. Mstari wa kwanza huhesabiwa kuwa kichwa, kwa hiyo kifaa kitakachoandikwa hapo hakitaingia kwenye saketi. Vilevile, herufi M baada ya namba humaanisha sehemu ya elfu, iwe kubwa au ndogo. Anayetaka milioni aandike MEG. Kosa hili ni la zamani, na bado linawanasa hata wazoefu. Weka amri ya .TRAN kwa uchambuzi wa muda, .PRINT kwa matokeo unayoyataka, kisha .END.

Endesha faili hiyo kwa prosesa moja, kwa amri ya Xyce saketi.cir, na usome kwa makini muhtasari wa muda unaotolewa mwishoni. Hatua hii wengi huiruka, ilhali ndiyo inayoamua mengine yote. Uigaji una kazi kuu mbili: kukokotoa milinganyo ya kila kifaa, na kutatua matriksi (jedwali la namba za milinganyo) inayoviunganisha vyote. Kazi ya kwanza hugawanyika kwa urahisi, kwani kila prosesa hupewa fungu lake la transista. Ya pili ni ngumu kugawa, kwa kuwa volteji ya nodi moja (mahali vifaa vinapoungana) hutegemea za nyingine. Ikiwa asilimia 20 ya muda wote haigawanyiki, prosesa 4 zitaongeza kasi mara 2.5 tu, prosesa 16 mara 4, na hata ukiwa na prosesa elfu hutafikia mara 5.

Kwa uendeshaji sambamba, andika mpirun -np 4 Xyce saketi.cir, ukihakikisha kwamba Xyce yako imejengwa pamoja na MPI, mfumo wa prosesa kupeana ujumbe. Vinginevyo utapata nakala nne zinazofanya kazi ileile kila moja peke yake. Muda ukiliwa zaidi na vifaa, acha matriksi itatuliwe kwa njia ya moja kwa moja, kwa kuandika .OPTIONS LINSOL TYPE=KLU. Matriksi ikiwa kubwa mno, jaribu TYPE=AZTECOO, ambayo hukaribia jibu kwa kurudiarudia na hivyo huweza kushindwa katika baadhi ya saketi. Nodi ya umeme inayolisha maelfu ya vifaa huleta shida ya pekee, maana mstari wake katika matriksi hujaa na kuzilazimisha prosesa zote kuwasiliana; ikiwa imeungwa moja kwa moja na chanzo cha volteji, TR_SINGLETON_FILTER=1 huiondoa kabla ya utatuzi.

Baada ya hapo linganisha mawimbi na yale ya prosesa moja. Tofauti ndogo katika tarakimu za mwisho ni za kawaida, kwa kuwa mpangilio wa kujumlisha umebadilika. Tofauti ya umbo la wimbi inakutaka urudi kwenye KLU.