Namna ya kupachika neno ndani ya neno la Kiingereza

Vijana wanaotembeza wageni hapa Lamu huniuliza kila msimu kuhusu yale maneno marefu ambayo wageni wa Uingereza na Australia huyatoa wakishapanda juu ya ngome na kuuona mji wote chini yao. "Fan-bloody-tastic!" Ni neno gani hilo? Ni "fantastic" ile ile ya shuleni, imepasuliwa na katikati imepachikwa "bloody". Maana haijabadilika, imeongezewa nguvu na utani. Mgeni akifika hapo ujue amefurahi kwelikweli, na ukiweza kumjibu kwa mtindo wake bila kukosea, mtaa wa pili mnatembea kama watu waliojuana zamani. Kwa hiyo inafaa kujifunza, na kujifunza sawasawa.

Jambo la kwanza: usiangalie herufi, sikiliza mkazo. Tamka neno kwa sauti huku unagonga baraza kwa vidole. Fan-TAS-tic. Vidole vinapiga kwa nguvu kwenye "tas". Neno la kupachika linaingia kabla ya silabi hiyo yenye nguvu, basi. Ab-so-LUTE-ly inakuwa "abso-bloody-lutely". Guar-an-TEE inakuwa "guaran-bloody-tee". Ukipachika baada ya mkazo, ukasema "fantas-bloody-tic", Mwingereza hatacheka. Atadhani umekwama.

Sisi Waswahili tuna mtego wetu hapa. Lugha yetu hukaza silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, na mkazo huo tunauhamishia kwenye Kiingereza bila kujua. "Fantastic" na "absolutely" hazitusumbui, kwa kuwa mkazo wake uko palepale tulipouzoea. Tabu inaanza na neno kama "ridiculous". Kijana mmoja pale gatini alitaka kumwambia mgeni kwamba bei aliyotajiwa ya boti haina maana, akasema "ridi-bloody-culous". Mgeni akamtazama tu, anangoja neno liishe. Jioni tukakaa naye, tukaligonga polepole kwenye ubao wa mashua: ri-DIC-u-lous. Nguvu iko kwenye "dic". Kwa hiyo "ri-bloody-diculous". Alilirudia mpaka nahodha naye akawa analiimba huku anakunja tanga. Fanya hivyohivyo na "incredible", ambayo inakuwa "in-bloody-credible", na "responsibility", ambayo inakuwa "responsi-bloody-bility".

"Unbelievable" inapasuka mahali pawili. Kwa kanuni ya mkazo utapata "unbe-bloody-lievable", lakini utasikia pia "un-bloody-believable", kwa sababu "un" ni kiambishi na mshono wake unaonekana. Wanaisimu wameyachunguza haya kwa makini. John McCarthy wa Marekani alichapisha makala juu yake mwaka 1982 katika jarida la Language, akaonyesha kwamba wasemaji wana kanuni kali vichwani mwao ingawa hakuna mwalimu aliyewafundisha. Hilo ndilo linalonivutia mimi katika mchezo huu. Watu wanadhani lugha ya mtaani haina sheria, kumbe inazo, na mtu wa London anazifuata bila kufundishwa.

Sisi wenyewe kupachika si jambo geni. Tukisema "nilimwona", hiyo "mw" imekaa katikati ya kitenzi na hakuna anayeshtuka. Tofauti ni kwamba kwetu nafasi inapangwa na sarufi, na kwao inapangwa na mdundo. Hata kinyume cha watoto, kile cha kugeuza "nyumba" ikawa "mbanyu", huchezwa kwa silabi nzimanzima. Kwa hiyo sikio tunalo tayari.

Majina ya miji ndiyo mazoezi mazuri kuliko yote. Ma-LIN-di: "Ma-bloody-lindi". Mom-BA-sa: "Mom-bloody-basa". Wa-TA-mu, Ki-zi-ngi-TI-ni, Ma-to-NDO-ni, yote yanakubali. Lamu haikubali! Mkazo uko mwanzoni, LA-mu, na mbele yake hakuna silabi ya kushikilia. Shela vilevile, Faza vilevile. Jina letu lolote lenye silabi mbili halipasuki. La silabi tatu au zaidi linapasuka. Australia kuna mji mdogo katika jimbo la New South Wales unaoitwa Tumbarumba, ambao ungedhani uko huku pwani. Wao husema "Tumba-bloody-rumba", na wapo wanaouita mchezo wenyewe kwa jina la mji huo.

Sasa neno la kupachika. Liwe la silabi mbili, mkazo mwanzoni, na liwe neno la hasira au mshangao. "Bloody" ni la Waingereza na Waaustralia. "Blooming" ni pole zaidi na la kizamani kidogo. Wamarekani hupenda "freaking". Ukiweka neno la kawaida kama "very" halikai. Kuna lile lingine linaloanza na F, ambalo ndilo kali kuliko yote. Mimi silitamki na simfundishi mtu. Na "bloody" yenyewe, ingawa imelegea siku hizi, bado ina wazee wa Kiingereza inaowakera. Subiri mgeni aanze yeye. Mbele ya watoto wake, au mama mtu mzima, au mnapopita msikitini, nyamaza kabisa.

Ukitaka lisilo na tusi hata chembe, lipo moja, ingawa halifuati kanuni hiyo ya neno la kupachika: "a whole nother". Hapo "another" imepasuliwa ikaingizwa "whole". Wamarekani husema "that's a whole nother story" wakimaanisha hayo ni mambo mengine kabisa, na unaweza kulisema mbele ya yeyote. Utasikia pia "edumacation", yenye "ma" ya kumkejeli mtu anayejifanya msomi, na vijana wa hip hop wenye "hizouse" kwa "house". Hizo zifahamu tu. Mgeni hatarajii kuzisikia kwa kiongozi wake.

Mwisho ni pumzi. Usitue kabla wala baada ya neno ulilopachika. Lipite lote kwa mkupuo mmoja, na mkazo wa asili ubaki pale ulipokuwa. Na ukimjibu mgeni kwa ujumbe wa WhatsApp, weka kistari kila upande wa neno lililopachikwa, herufi kubwa ibaki mwanzoni mwa jina peke yake: Ma-bloody-lindi.